Recheli Alivyoutoa Mchoro wa Mwanawe

Recheli aliishi Mtendeni, mjini Tabora, na binti yake Minza. Kazi yao ilikuwa batiki. Kila asubuhi waliwasha moto uani, wakayeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria kuukuu. Nta ilitoka kwa kaka yake Recheli, mrina asali wa Sikonge. Minza alichovya chapa ya sponji kwenye nta ya moto, akaigonga juu ya kitambaa cheupe. Kisha Recheli alikizamisha kitambaa kwenye rangi. Palipokuwa na nta hapakushika rangi. Nta ikichemshwa na kutoka, mchoro unabaki mweupe, unang'aa.

Recheli alikuwa na mikono ya kazi. Minza alikuwa na jicho la mchoraji.

Mwaka huo Minza alibuni mchoro mpya. Alichora mzinga wa gogo unaoning'inia mtini. Nyuki walikuwa wanatoka kwa mstari, kama abiria wanaoshuka treni. Alichora kwenye karatasi ya manila, akafuta, akachora tena. Wiki tatu zikaisha. Mabawa ya nyuki yalimnyima raha.

"Kwani nyuki ana mabawa mangapi?" Recheli alimuuliza.

"Manne, mama."

"Basi wewe una moyo. Mimi wakija kunidunga huwa sihesabu."

Walicheka mpaka nta ikataka kuungua.

Batiki ile ilipendwa. Wakati huo akina mama wa ushirika wao wa kanisa la Moravian walikuwa wanajiandaa kwa jubilei. Mwenyekiti wao, Mama Mayala, alikuja mwenyewe kuiona.

"Sare yetu ndiyo hii," alisema. "Tunataka vipande themanini. Nani mwingine Tabora nzima ana mzinga wa namna hii?"

Siku hiyo Minza alishindwa kula kwa furaha. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Hakuwahi kusifiwa hivyo mbele za watu.

Wiki hiyohiyo alikwenda Kipalapala kupeleka mzigo kwa mteja. Recheli alibaki peke yake. Mlangoni akabisha Amne, muuza vitenge wa sokoni, ambaye walifahamiana naye miaka mingi.

"Mama Minza, hodi! Mbona mnajificha na vitu vizuri?"

"Karibu, Bi Amne. Tujifiche wapi na moshi huu?"

Amne aliishika batiki ya mzinga, akaigeuza huku na huku. "Nipe mfano, shoga yangu. Nikawaonyeshe watu wangu."

Katika mtaa ule, kumnyima mtu mfano ni uchoyo. Ukiliona gauni zuri kwa jirani unaliazima. Unalipeleka kwa fundi, analipima, anakata kama lile. Recheli mwenyewe aliolewa na gauni lililoshonwa kwa mfano. Naye aliwaazima wenzake magauni yake mpaka kola zikachoka. Kwa hiyo hakufikiri mara mbili. Alimpa Amne kipande cha batiki.

"Na ile karatasi aliyochorea?" Amne akauliza. "Kwenye kitambaa mistari imefifia kidogo."

Recheli aliingia ndani, akaitoa karatasi ya manila chini ya godoro la Minza. Akaikunja vizuri ili isichanike. Akampa.

Minza aliporudi alitafuta karatasi yake. "Mama, umeiona?"

"Nimempa Amne. Ni mfano tu, atairudisha."

"Mama! Karatasi yenyewe? Sina nyingine!"

"Unalilia karatasi, mtu mzima?" Recheli alisema. "Nguo ni nguo. Tangu lini maua ya nguo yakawa na mwenyewe?"

Maneno hayo Recheli anayakumbuka mpaka leo, na kila akiyakumbuka hujisikia vibaya.

Miezi miwili ikapita. Karatasi haikurudi. Siku moja Minza alitoka sokoni mikono mitupu, uso umemshuka. Vitenge vipya vilikuwa vimeshushwa dukani kwa Amne, marobota kwa marobota. Vimechapwa kiwandani. Mzinga uleule. Nyuki walewale, na mabawa yao manne.

Jumapili akina mama walikutana baada ya ibada. Mama Mayala alisimama na kitenge mkononi. Hakupaza sauti.

"Minza, mwanangu, ulituambia mchoro huu umeubuni wewe. Kumbe umenakili kitenge cha dukani. Kwa nini ulitudanganya? Tumeamua kuacha batiki, tununue hivi vya dukani."

"Sijanakili, mama! Ni wangu. Mama yangu anajua!"

Macho yote yakamgeukia Recheli. Hapo ndipo angesema. Angesema, "Ni mimi niliyeutoa." Lakini aliona aibu. Aliogopa kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Akaangalia viatu vyake.

Minza alimsubiri. Alipoona mama yake hasemi kitu, akatoka nje.

Tangu siku ile hakugusa penseli. Alifua, alipika, alifagia. Akiulizwa, "Hutachora leo?" alijibu, "Nichore kwa ajili ya nani?" Recheli alikosa usingizi. Akaona huyu mtoto ataiacha kazi, na aliyemwachisha ni yeye.

Ndipo alipokwenda kwa Getruda, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alimweleza yote, hata ile aibu ya kanisani. Getruda alifika nyumbani siku ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Hebu tuambie, hivi nguo ina mwenyewe?"

"Mama, mtu akichora picha, akaitundika ukutani, ni ya nani?"

"Ya mchoraji."

"Mchoro huohuo ukiugonga kwenye kitambaa, umeacha kuwa wake?"

Recheli aliitazama batiki iliyoanikwa kwenye kamba.

"Mzinga hauna mwenyewe," Getruda akaendelea. "Kila mtu anaweza kuchora mzinga wake. Lakini huu aliouchora Minza, kwa mkono wake na akili yake, ni kazi ya sanaa. Sheria ya hakimiliki inaulinda kama picha. Na haki hiyo inaanza pale anapouchora."

"Kwa hiyo miaka yote ninaazima magauni, ni mwizi?"

Getruda alicheka. "Hapana, mama. Mshono ni jambo jingine. Kola, mikono, marinda, hivyo sheria inavilinda kidogo sana. Mafundi wanaigana dunia nzima."

Minza alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza alizungumza. "Na fundi aliyeumiza kichwa kubuni mshono mpya? Yeye si msanii?"

"Hapo watu wanabishana," Getruda alikiri. "Wengine wanasema alindwe kama mchoraji. Wengine wanasema tukilinda kila mkato, hakuna atakayethubutu kushona gauni. Mimi naona fundi naye anaonewa. Lakini mchoro wako hauna ubishi. Shida yetu ni ushahidi. Una karatasi yenye jina na tarehe? Picha kwenye simu?"

"Nilikuwa na karatasi," Minza alisema. Hakumtazama mama yake.

Walikwenda watatu dukani kwa Amne.

"Mama Minza, si ulinipa mwenyewe?" Amne alisema. "Nilivunja mlango? Na huo mzinga kauumba Minza? Basi mkawashtaki warina asali wote wa Sikonge!"

"Alikupa mfano wa kuonyesha watu," Getruda alimjibu. "Hakukupa ruhusa ya kuchapisha."

"Yako wapi maandishi?"

Maandishi hayakuwepo. Na karatasi ya manila, Amne alisema, ilibaki huko kiwandani. Getruda aliwasaidia kuandika malalamiko kwa ofisi ya hakimiliki. Wateja wawili wa mwanzo walikubali kuwa mashahidi. Lakini marobota yalikuwa yameshauzwa, na jubilei ikafanyika. Akina mama themanini waliimba wamevaa mzinga wa Minza, na hakuna aliyejua ni wa Minza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Recheli aliomba kusema mbele ya akina mama. Akasimama.

"Mchoro ni wa mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeutoa kwa Amne, na karatasi yake nikampa. Kisha mlipomwita mwongo, nikanyamaza. Nawaomba wenye watoto wanaochora, wanaofuma, wanaosuka mikeka: msigawe mchoro wa mtoto kama mnavyogawa chumvi. Mwache aandike jina lake na tarehe. Apige picha. Aupeleke ukaandikishwe ofisi ya hakimiliki. Anayetaka kuutumia aandikishiane naye, mbele ya shahidi. Mimi sikujua. Ninyi sasa mmejua."

Mama Mayala alimfuata Minza alipokuwa amekaa, akamwomba radhi.

Ilichukua miezi mingine mitano. Siku moja Recheli aliamka akamkuta Minza ameinama juu ya karatasi, anachora kanga wenye madoa wakivuka reli. Pembeni aliandika jina lake na tarehe. Aliupiga picha mchoro. Getruda alimsaidia kuuandikisha. Kabla mvua hazijaanza, mwenye duka mmoja wa Bukene alisikia habari za batiki mpya ya kanga. Alipanda treni akaja na karatasi za mkataba. Vitambaa vyote vingeandikwa jina la Minza pembeni.

Walikaa uani kutia saini. Mkataba ulitaka shahidi kwa upande wa Minza. Recheli alikausha mikono yake kwenye khanga, akasogea kuchukua kalamu.

"Nimeshamwita Mama Josepha," Minza alisema.

Mama Josepha, jirani yao, aliingia, akapewa kalamu. Alisoma polepole, kisha akaandika jina lake pale palipoandikwa shahidi.

Recheli alirudi jikoni. Alileta chai, akammiminia mgeni, akammiminia Mama Josepha, akammiminia mwanawe.

"Asante, mama," Minza alisema. Alisema kwa adabu, kama mtu anavyoshukuru kwenye nyumba ya watu.