Njia Iliyofungwa Karibu na Maporomoko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mpelelezi aligusa mswaki wa kaka yake kuona kama umelowa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa na mama yake, kwa kuwa hakuna neno aliloambiwa akalimeza bila kulitafuna kwanza.

Hata siku darasa lao lilipotembelea hifadhi ya wanyama, macho yake hayakupumzika. Wenzake waliwashangaa twiga na pundamilia. Yeye alimtazama askari wa hifadhi aliyewaongoza kwa miguu kuelekea kwenye maporomoko makubwa. Ngurumo ya maji ilikuwa tayari inatetemesha vifua vyao askari aliposimama ghafla, akachungulia ardhini, akanong'ona kwenye redio yake.

"Njia hii imefungwa," alisema. "Kuna ukarabati. Tutazungukia kwa chini."

Mpelelezi alimsogelea rafiki yake. "Ukarabati gani? Unaona fundi? Unaona hata koleo?"

"Labda wamekwenda kula."

"Saa tatu asubuhi? Huyu anatuficha kitu. Huko juu ndiko kuzuri, wamewawekea wakubwa."

Shaka ilimkaa rohoni kama mwiba. Mwalimu alipokuwa akipanga mstari, aliinama kana kwamba anafunga kamba za kiatu, kisha akachepuka na kuishika njia ile. Hatua kumi, ishirini. Kelele za maji zilimeza kila sauti. Alipokata kona aliona kivulini kitu cheusi, kikubwa kama mwamba. Mwamba ukatikisa sikio.

Alikuwa nyati, dume zee lililo peke yake, na lilikuwa limemkodolea macho. Mpelelezi akarudisha mguu mmoja nyuma, tayari kutimua mbio.

Mkono ulimshika bega kutoka nyuma. "Usikimbie," askari alimwambia sikioni. "Turudi kinyumenyume, polepole. Usimpe mgongo."

Bunduki yake ilikuwa tayari mkononi. Nyati alikwangua ardhi kwa kwato, akakoroma, lakini hakuwafuata.

Walipowafikia wenzao, Mpelelezi alikuwa akilia, na rafiki yake, ambaye ndiye aliyemwita askari, alikuwa akilia kuliko yeye.

"Nisamehe, afande," Mpelelezi alisema. "Nilijua unatudanganya."

Askari alivua kofia. "Na kweli niliwadanganya. Niliona kinyesi kibichi, nikaogopa kwamba mkisikia habari za nyati mtatawanyika mbio. Uongo wangu nusura ukuponze."

Mwalimu akasema, "Kuwa na shaka si kosa, mwanangu. Kosa ni kuinong'ona pembeni, halafu ukaifanyia kazi peke yako. Ukihisi mtu anakuficha jambo, muulize usoni. Nasi wakubwa tukiulizwa, tuseme kweli."

"Basi kabla hatujateremka," askari alisema, "nani ana swali?"

Mikono ya darasa zima ilipanda juu, na askari akawajibu mmoja mmoja mpaka maswali yote yakaisha.