Mstari wa Chini Kabisa

Mai alicheka mahali pasipochekesha.

Mama yake, Mastura, alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa tatu wa jumba la sinema akimtazama. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anamzika mumewe kwenye mvua, na huku Mai, peke yake katikati ya viti vitupu, ameshika tumbo kwa kicheko.

Mastura akamwendea, akamgusa bega, akamuuliza kwa mikono, "Unacheka nini?"

Mai alizaliwa kiziwi. Alikuwa na miaka saba, na kusoma ndiko kulikokuwa masikio yake. Akajibu kwa vidole vyake vidogo, haraka haraka, "Ameandika utani."

"Nani?"

Mtoto akaonyesha chini kabisa ya skrini, chini ya mstari wa maandishi ya Kimalei na chini ya ule wa Kichina. Mastura akatazama. Hapakuwa na kitu, weusi tu.

Jumba hilo liko Taiping, mji wa Malaysia wenye mvua za kila siku, na Mastura ndiye aliyekuwa anapanga ratiba. Aliipenda kazi yake. Filamu za Kitamil aliziweka Jumamosi jioni, kwa sababu familia za mashamba ya michikichi zilikuja mjini siku hiyo na hakutaka watu watoke mbali wakose. Za Kichina aliziweka mchana kwa ajili ya wazee, na lazima ziwe na maandishi, maana mzee wa Kichina anayesema Kihakka haelewi Kikantoni, lakini herufi wanazisoma wote. Filamu za ng'ambo zilipata mistari miwili, Kimalei juu na Kichina chini. Za Kimalei mara nyingi alizionyesha bila maandishi. Kila filamu ilikuja na nakala zaidi ya moja, na yeye ndiye aliyechagua.

Katika ratiba yote kulikuwa na onyesho moja tu lisilouzwa tiketi: ukumbi wa tatu, wakati wa magharibi. Siku ya kwanza ya Mastura kazini, fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu, mzee wa Kichina ambaye kila mtu alimwita Anko Loke, alimvuta pembeni.

"Hapo unaweka filamu yoyote ya Kimalei. Bila maandishi."

"Wanatazama akina nani, Anko, na tiketi hatuuzi?"

"Wenyeji."

"Wenyeji gani?"

"Waliokuwepo kabla ya jengo. Watazame picha, wasitusumbue. Lakini maandishi usiwawekee, umesikia, binti? Hata mstari mmoja."

Ponnama, muuza tiketi, alisikia akaangua kicheko. "Hata majini ya Anko hayajaenda shule!"

"Cheka tu," alisema Anko Loke. "Mdomo wako mkubwa kuliko ndoo ya bisi."

Mastura hakucheka sana. Alilelewa na mama ambaye magharibi ikiingia hufunga madirisha na kuita watoto ndani. Kwa hiyo alifanya alivyoambiwa, mwezi baada ya mwezi, na hakuna kilichotokea.

Kisha Anko Loke akalazwa hospitali kwa upasuaji wa goti, na Mastura akashika ratiba na mashine pia. Jirani aliyekuwa akimwangalia Mai baada ya shule akahama wiki hiyohiyo. Baba yake Mai alikuwa Johor, mbali kusini, kwa mke mwingine. Ikabidi mtoto aje kazini. Ponnama alimwekea bisi za chini ya ndoo, zile zenye sukari nyingi, na akamletea mto wake wa nyumbani aukalie apate kuona. Lakini kumbi mbili zilijaa watu, na uliobaki ni ule wa tatu.

Siku ya kwanza Mai alikaa mbele ya filamu isiyo na maandishi akitazama midomo inavyofunguka na kufumbika. Hakulalamika. Alikunja mikono mapajani kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mastura alimwona kupitia kidirisha cha chumba cha mashine. Kesho yake, kwa onyesho la magharibi la ukumbi wa tatu, alichagua nakala yenye maandishi, mistari yote miwili.

Siku chache baadaye ndipo Mai alipocheka.

Tangu hapo mtoto hakutaka kukaa mahali pengine. Akitoka shule anakimbia. Mastura alianza kusikia harufu ya udongo mbichi uliomwagiwa maji ya waridi, kama ya kaburi la jana. Viti vya ukumbi ule ni vya kukunja, vinajifunga vyenyewe mtu akiinuka, na jioni moja alimkuta Mai amekaa na kiti cha kulia kwake kimefunguka. Aliona ni springi mbovu. Akakisukuma. Kilikuwa kizito, kisha kikawa chepesi.

"Anaandika nini?" alimuuliza mtoto kwa mikono.

"Ananiuliza mambo. Shule. Wewe. Nikiwaza jibu, analisoma." Mai alikuwa anang'aa. "Mama, hachoki kuongea na mimi."

Hilo lilimchoma Mastura kuliko harufu. Yeye mwenyewe alichoka mara nyingi. Kuna siku alirudi nyumbani na mikono haina nguvu ya kusema hata neno.

Akaamua basi. Kesho yake alifuta onyesho la magharibi, akafunga ukumbi wa tatu kwa ufunguo, akamkalisha Mai kaunta kwa Ponnama. Adhana ilipoanza msikitini aligeuka akaona kiti cha mtoto kitupu, akakimbia, na mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake ulikuwa wazi, na ndani mashine imezimwa lakini skrini ina mwanga hafifu kama wa maziwa yaliyotiwa maji, na harufu ya waridi na udongo imejaa hadi anaionja ulimini, na Mai amekaa palepale pake akisoma, midomo inachezacheza, na viti vyote vya safu yake vimefunguka, na vya safu ya nyuma yake, na vya nyuma ya hiyo, vyote vimeinama kwa uzito, na alipopiga kelele jina la mtoto asiyesikia, mamia ya viti vililia kwa pamoja, kama watu wamegeuka kumwangalia.

Alimbeba akatoka naye. Mai alimpiga ngumi mgongoni njia nzima.

Ponnama hakutania tena. Alimpigia simu Anko Loke, naye akaja siku ya pili kwa magongo, jasho linamtoka, daktari akiwa hajamruhusu.

"Uliweka maandishi," alisema. Hakuuliza.

"Ilikuwa kwa ajili ya mtoto, Anko."

"Najua ilikuwa kwa ajili ya mtoto." Akakaa chini taratibu. "Picha inapita tu. Lakini ukimwandikia mtu, umemwambia unajua kwamba yupo. Na akijua, atajibu."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee aliangalia magongo yake. "Ningekuambia, ungeacha kazi. Na kazi ulikuwa unaihitaji, binti."

Mastura hakuweza kumkasirikia.

Ustadh Hanafi wa msikitini aliitwa Ijumaa aje kuusomea ukumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Kabla hajaanza alipiga goti mbele ya Mai na kumsalimia kwa alama za mikono, vibaya vibaya. Alikuwa amejifunza usiku kwa mpwa wake. Mai alimtazama kifuani, kisha akajificha nyuma ya mama yake.

"Ananiogopa," alinong'ona Ustadh.

"Hajakuzoea tu, Ustadh. Usijali."

Aliingia ukumbini akasoma Kurani. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Nje walisikia viti vikijifunga, safu moja, safu nyingine, hadi cha mwisho. Harufu ikapungua, ikaisha. Ponnama alilia, akamkumbatia Anko Loke, karibu amwangushe magongo.

Ustadh alitoka akajifuta uso. Hakuwa na furaha.

"Ukumbini hayumo tena," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Mastura.

"Nimemuuliza anakwenda wapi. Hakunijibu. Dada yangu, mwangalie sana mtoto. Mimi nafukuza kwa sauti. Huyu hakuja kwa sauti."

Wiki hiyo Mai hakutaja sinema. Alikula kidogo. Ponnama alipomletea ndizi za kukaanga zikiwa moto na kumwambia kwa ishara kwamba ni zake zote, Mai alizitazama, akamtazama Ponnama kifuani, akazitupa sakafuni. Mwalimu wake wa shule ya viziwi alipiga simu: mtoto amekataa kukaa karibu na mtu yeyote, na mtu akizungumza naye, haangalii mikono.

"Anaangalia wapi?" aliuliza Mastura.

"Chini kidogo. Kama anasoma."

Mastura alikata simu. Mchana ulikuwa mweupe, jua limeingia hadi jikoni. Mai alikuwa kwenye kona, magoti kifuani. Mama yake akaenda polepole, akakaa sakafuni mbele yake, akaacha nafasi asimtishe. Akainua mikono, akasema kwa alama zilizo wazi kabisa, kama za mwanzo alizomfundisha akiwa mdogo, "Mama anakupenda. Uko salama. Njoo."

Macho ya Mai hayakuigusa mikono ile. Yalitua chini ya kidevu cha mama yake, yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakarudi kushoto. Midomo ikachezacheza. Kisha machozi yakamjaa.

"Mama," alisema kwa vidole, "kwa nini kila siku unaniambia hunitaki?"

"Nimekuambia nakupenda," alijibu Mastura. "Nakupenda. Nakupenda."

Mai akasoma. Akajibana ukutani, akaziba mdomo.

Mastura akaona kila anachosema kinamwumiza mtoto. Akashusha mikono, akaificha nyuma ya mgongo, akabana midomo, akatulia kabisa asiseme lolote.

Macho ya Mai yaliendelea kusoma.