Ukuta wa Mama Vipimo

Mtaani wanamwita Mama Vipimo, na jina hilo kalipata kihalali. Ni fundi cherehani, na hakati kitambaa kabla ya kupima mara tatu. Watu husema hata mkate wa watoto huupima kwa utepe kabla ya kuukata. Mwenyewe hucheka tu.

Lakini mwaka ule kicheko kilimwisha. Kila mvua kubwa ilipokuja, maji ya bonde yaliingia chumba chake cha kushonea. Mara ya mwisho yalilowesha sare ishirini za shule, zimekwisha pigwa pasi.

"Liwalo na liwe," alisema. "Najenga ukuta."

Akanunua matofali, akayapanga uani. Mwashi angekuja Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Siku hizo binti yake alikuwa chuoni, akisoma mipango ya ardhi na mazingira. Akaja nyumbani na wenzake watatu.

"Mama, tuazime meza yako ya kukatia. Tuna kazi ya studio."

"Studio ya picha?"

"Hapana, mama. Ni darasa la vitendo. Tunapewa mahali penye tatizo, tunatafuta dawa yake pamoja. Sisi tumepewa bonde hili letu."

Walikuwa wamegawana kazi. Binti alichora mto na mitaro. Wenzake walichora mmoja nyumba, mmoja barabara, mmoja miti na udongo. Kila mtu alichora kwake, kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Sasa wakaziweka moja juu ya nyingine.

Lahaula! Mto ulipita juu ya paa la shule. Barabara iliishia kisimani.

"Mto wako umepotea njia," alisema yule aliyechora nyumba.

"Nyumba zako ndizo zimehama," binti akajibu.

Wakavutana hivyo mpaka Mama Vipimo akaweka mkasi chini. "Hebu niambieni. Sentimita moja kwenye karatasi yako ni mita ngapi?"

"Hamsini," alisema binti.

"Na yako?"

"Mia," alisema yule wa nyumba, sauti ikishuka.

"Ndiyo hayo. Mmoja kakata mkono wa mtu mzima, mwingine kakata kifua cha mtoto mchanga. Halafu mnagombana na kitambaa. Hamkukaa mkakubaliana kipimo kabla ya kuanza?"

Hawakuwa wamekaa. Kila mmoja alitaka yake iwe nzuri kuliko za wenzake. Walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Wakachora upya kwa kipimo kimoja. Safari hii walitembea bonde zima pamoja, wakiuliza watu wa juu na wa chini.

Jumapili walibandika karatasi zote nne kwenye kioo cha dirisha. Jua likapenya. Mama Vipimo akaliona bonde lote kwa mara ya kwanza. Kule juu kilima kilikuwa kitupu, miti imekatwa. Katikati, kalavati ya kupitishia maji chini ya barabara ilikuwa imezibwa na taka.

"Nichoreeni na ukuta wangu," alisema kwa fahari.

Binti akachora mstari mwekundu. "Sasa mama, maji yakigonga hapa, yatakwenda wapi? Yafuate kwa kidole."

Mama Vipimo akayafuata. Kidole kikakunja kona, kikashuka, kikasimama juu ya kibanda kidogo. Alikijua. Ni kwa wifi yake, yule asiyepitisha siku bila kumtania.

Aliona haya. "Ningemzamisha wifi yangu kwa matofali yangu mwenyewe," alisema. Kisha hasira ikampanda. "Kwa hiyo nikae nisubiri maji?"

"Hapana, mama. Ukipanga kiwanja kimoja, unamsukumia jirani shida. Tupange bonde lote. Tuanze juu."

Mwashi akaambiwa asije. Badala yake ukaitwa mkutano wa watu wa bonde lote, na wanafunzi wakaja na karatasi zao. Watu wa juu walikubali kupanda miti na kuinua matuta, maji yasishuke mbio. Watu wa katikati walizibua kalavati. Waliopakana na mto waliachia ukanda wa nyasi, usijengwe. Ukanda huo ulikula kipande cha ua wa Mama Vipimo. Aliguna, akapima mara tatu, akarudisha uzio nyuma.

Matofali yake yalitumika kujengea kingo za mtaro. Wifi alikuja kusaidia kuyabeba.

"Nasikia ulitaka kunigeuza samaki," alisema wifi.

"Nilidhani unajua kuogelea," alijibu Mama Vipimo, nao wakacheka hadi matofali yakawaponyoka.

Mvua ikaja alasiri moja, kubwa. Miti ilikuwa bado michanga, lakini matuta yalikuwa tayari, na kalavati ilikuwa wazi. Mama Vipimo alipandisha vitambaa vyote juu ya meza, akasimama mlangoni, roho mkononi. Maji yalipita mtaroni, mengi, yakashuka zake.

Akakimbilia uzioni. "Wifi! Yamefika kwako?"

"Yamefika mtaroni, yamenisalimia, yamepita!"

Mama Vipimo akarudi chumbani. Akainama, akagusa sakafu kwa kiganja. Akagusa tena. Akagusa mara ya tatu. Ilikuwa kavu.