Ntumba Sita za Klementina

Kila asubuhi Klementina aliamshwa na sauti ileile: bibi yake, Bibi Dominika, akigonga mpini wa jembe kwenye jiwe la mlangoni ili ukazike. Ko, ko, ko. Baada ya hapo ndipo majogoo wa kijiji cha Kasense walipopata ruhusa ya kuwika. Klementina alinawa uso kwa maji baridi, akanywa uji wa ulezi, akatoka mbio kwenda shule huku ukungu ukiwa bado umelala juu ya nyasi. Ukimuuliza leo, akiwa mama mzima mwenye watoto wake, atakuambia kwamba angetoa chochote ili asikie tena mlio ule wa jembe la bibi.

Huo ulikuwa mwaka 1997, naye alikuwa darasa la sita. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na malori yalishusha Sumbawanga vitu vya kila rangi: redio ndogo, kandambili, na zaidi ya vyote mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na kufungwa kwenye marobota makubwa. Lakini mbolea ya mifuko, ambayo zamani serikali ilichangia bei yake, sasa ilipanda mpaka wakulima wengi wakabaki kuiangalia tu dukani.

Ndipo watu walipomkumbuka Bibi Dominika na ntumba zake. Ntumba ni kilima kidogo cha udongo, na Wafipa, wenyeji wa Sumbawanga, wamelima kwa ntumba tangu enzi za mababu. Mvua zikikolea, mkulima hukata nyasi na kuzilaza chini kwa duara, kisha huzifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, mizizi ikiangalia juu. Nyasi huozea humo ndani. Juu hupandwa maharage. Mvua za msimu mwingine zikianza, kilima husambazwa na kusiwa ulezi.

"Zamani zetu tulitoka watu arobaini mstari mmoja," Bibi Dominika alipenda kusimulia, macho yakiwa mbali. "Tunaimba, majembe yanaitikia. Kuchoma nyasi? Nani angethubutu? Ungeitwa mvivu mpaka uzeeni."

Klementina alizipenda hadithi hizo. Kazi yenyewe hakuipenda hata kidogo.

Mwezi Januari, Mwalimu Zenon, aliyefundisha sayansi na kilimo, alikuja darasani na mgeni. Alikuwa mtaalamu wa udongo aliyeitwa Silvana, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira vilivyojaa matope. Wanafunzi wakasimama.

"Shikamoo, Madamu!"

"Marahaba. Kaeni. Nani anajua nyasi zinakula nini?"

"Maji!" "Mbolea!" "Jua!"

"Na hewa," alisema Silvana. "Kuna hewa ya ukaa, ile unayoitoa ukipumua, ile inayotoka kwenye moshi. Nyasi huivuta na kuijengea miili yao. Ukizichoma, yote inarudi juu angani, na ikizidi huko, dunia inapata joto. Ukizifukia, sehemu yake hubaki ardhini, nyeusi na yenye rutuba. Huko Ulaya ya kaskazini wahandisi wameanza kuikamata hewa hiyo na kuisukuma kwa mitambo ndani ya miamba chini ya bahari. Mimi nimeambiwa kuna bibi hapa anayefanya kazi ya namna hiyo kwa jembe."

Darasa zima lilimgeukia Klementina. Masikio yake yalipata moto kwa fahari.

Mpango ukawa huu. Shamba la shule lilikuwa na vipande viwili. Kimoja nyasi zake zilikuwa zimechomwa tangu Oktoba, na Silvana alikwisha kuupima udongo wake. Kwenye cha pili kila mwanafunzi angelima mstari wake wa ntumba kumi, wenye kigingi na namba. Katikati ya Machi Silvana angerudi kupima kilichobaki ardhini, kisha angeandika ripoti kwa ofisi ya kilimo. Ntumba zikishinda, wakulima wa kata nzima wangefundishwa. Zisiposhinda, habari yake ingeishia hapo.

Bibi Dominika aliitwa shuleni kuwaonyesha watoto. Alipomaliza, alimtazama Silvana usoni.

"Mwanangu, wewe chimba hapa Machi. Usipokuta weusi, waambie watu wasinisikilize tena."

Jumamosi moja mwishoni mwa Januari ilikuwa siku ya mwisho ya kumaliza mistari. Siku hiyohiyo, saa tano, shangazi yake Klementina, aliyeitwa Hellena, angefungua robota lake la kwanza sokoni mjini. Alikuwa ameahidi kwamba Klementina atachagua sweta kabla ya mtu yeyote. Baridi ya Ufipa unaijua. Sweta si kitu cha kuchezea.

Hadi saa tatu Klementina alikuwa amemaliza ntumba nne, nzuri kabisa. Zilibaki sita. Nyasi zilizokatwa zilikuwa mbichi, nzito, zinadondosha maji, na mgongo ulimuuma. Hapo akapita Sayi, mwanafunzi mwenzake, akiwaswaga ndama. Wazazi wa Sayi walikuwa wafugaji waliohamia kutoka upande wa Shinyanga.

"Mambo, Klementina! Nyasi zote hizi unazifukia? Ndama wangu wangefurahi."

"Chukua," alisema Klementina.

"Zote? Na ntumba zako je?"

"Nimeshaweka za kutosha. Chukua tu."

Sayi akazikusanya kwa furaha. Klementina akakokota udongo mtupu, akarundika vilima sita harakaharaka, akavipigapiga kwa bapa la jembe mpaka vikawa laini. Alirudi nyuma hatua tano akatazama. Kwa nje zote kumi zilifanana. Akatupa jembe begani, akakimbilia mjini.

Sokoni alikuta watu wamejaa. Shangazi Hellena alikata kamba za robota kwa mbwembwe, na nguo za juu zikamwagika: masweta mazito, karibu mapya. Klementina akanyakua jekundu. Lakini shangazi alipochimba zaidi, sura yake ilibadilika. Ndani kulikuwa na matambara, suruali zilizochanika, na koti lisilo na mkono mmoja.

"Waliofunga hili wamenilipulia kazi!" alilia shangazi, akakaa chini palepale. "Juu wameweka nzuri ili niamini. Ndani takataka!"

Klementina alisimama na sweta lake mkononi. Alijua tayari kuna vilima sita nyuma ya shule vilivyofungwa namna hiyohiyo. Alilivaa sweta lile, lakini halikumtia joto alilolitegemea.

Machi ikafika. Gari la Silvana lilikwama kwenye matope, likafika shuleni alasiri, mvua ikitishia. Alishusha bomba jembamba la chuma, lenye urefu wa mkono na ncha kali. Ukiligongelea ardhini na kulivuta, linatoka na udongo wa ndani kama ulivyo, tabaka kwa tabaka. Watoto waliliita sindano ya ardhi.

"Muda unatosha mstari mmoja," alisema Silvana. "Tupige kura."

Mwalimu Zenon alitikisa kofia yenye vikaratasi, akachomoa kimoja. "Namba kumi na saba."

Klementina akakitazama kigingi chenye namba hiyo. Ulikuwa mstari wake.

Silvana alipima ntumba moja, akaruka moja. Ya pili ilitoa udongo mweusi, wenye uzi wa nyasi zilizooza na harufu ya mvua. "Safi sana," alisema. Ya nne vivyo hivyo. Bibi Dominika, aliyesimama pembeni na khanga yake ya Jumapili, alitabasamu. Ya sita ilitoa udongo mwekundu mtupu, kama wa barabarani. Ya nane vilevile. Ya kumi pia.

Silvana aliulinganisha udongo na kadi yake ya rangi, akaupima kwenye mizani, akakuna kichwa. "Nitaupima tena maabara. Lakini ukichukua wastani, ntumba hizi hazijashinda kipande kilichochomwa. Samahani, mama."

Bibi Dominika aliusogelea mstari. Aliinama, akaokota bonge la udongo mwekundu, akalivunja taratibu kwenye kiganja, kisha akaenda zake nyumbani.

Jioni ile alisonga ugali bila kuimba.

"Labda nyasi za siku hizi si zile," bibi alisema hatimaye, kama anaongea na moto. "Au mikono yangu imezeeka. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kuliko wewe. Miaka yote hiyo, labda tulikuwa tunajidanganya."

Klementina alirudisha tonge sahanini. Angeweza kuvumilia fimbo ya mwalimu na vicheko vya darasa zima. Kumsikia bibi akiitilia shaka mikono yake mwenyewe hakuweza kabisa. Alitaka kusema palepale, lakini akaogopa, akaenda kulala akilia.

Asubuhi hakusubiri jembe ligongwe. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Zenon, ambako Silvana alilala. Gari lilikuwa limeshawashwa.

"Madamu, usiondoke! Shikamoo! Zile ntumba za mwisho hazina nyasi. Nyasi niliwapa ndama. Nilirundika udongo mtupu ili niwahi sokoni. Bibi hakukosea. Ni mimi."

Silvana akazima gari.

"Ngapi?"

"Sita."

Silvana alitoa daftari lake, akafungua ukurasa wa jana. Hakuufuta. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu, huku Klementina akiangalia: *Ntumba sita ziliundwa bila nyasi. Aliyezilima amesema mwenyewe.* Kisha akachukua lile bomba. "Mwite bibi yako."

Siku ile walipima mistari mingine mitatu. Kila mara bomba lilipovutwa, ulitoka udongo mweusi, mweusi, mweusi, na watoto wakaanza kushangilia kama wako mpirani. Bibi Dominika aliunusa udongo, akafunga macho. "Harufu hii," alisema polepole. "Hii ndiyo ya shamba la mama yangu." Akafuta uso kwa ncha ya khanga.

Klementina alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha. Bibi alimshika mkono.

"Umenitesa usiku kucha, mjukuu wangu. Nilianza kumwona mama yangu muongo. Inuka. Mvua bado zipo, na ntumba sita zinakungoja."

Klementina alizivunja zote sita na kuzianza upya, siku tatu mfululizo baada ya masomo. Siku ya pili alitokea Sayi na kikapu kichwani.

"Cha nini hicho?"

"Samadi," alisema Sayi akicheka. "Ndama wamekurudishia nyasi zako."

Klementina alipomaliza ntumba ya sita, Silvana, aliyepita kuaga, aliwakusanya wanafunzi shambani. "Watoto, bomba langu linaona kilichomo ardhini, lakini halijui nani alikiweka wala kwa moyo gani. Siku ile ya kwanza lilipima sawasawa, na bado nilikaribia kuandika uongo. Vyombo vitakuja vizuri zaidi ya hiki. Vyote vitahitaji mtu mkweli pale ambapo hakuna anayeona. Kazi inayofukiwa ifanyeni kama ile inayoonekana."

"Na aliyekosea aseme mapema," aliongeza Bibi Dominika, "mvua zikiwa bado zipo."

Bibi Dominika alishafariki, na jiwe la mlangoni limebaki na kishimo pale mpini ulipokuwa ukigongwa. Siku hizi redio husimulia habari za mitambo mikubwa inayokamata hewa ya ukaa viwandani na kuizika chini kabisa ya ardhi. Klementina husikiliza kwa makini, jembe magotini. Habari ikiisha hutabasamu, huwageukia wanawe na kuwauliza swali lilelile: "Na ndani, nani amekwenda kuangalia?"

Kisha huinuka, hugonga mpini kwenye jiwe, ko, ko, ko, na wote hutoka kwenda kukata nyasi.