Mzee Zebedayo na Mfalme wa Ng'ambo

Kila asubuhi Mzee Zebedayo alizungukia michungwa yake pale Muheza. Akimaliza, alikaa barazani na kupiga simu Tanga mjini. Hakupiga kusalimia. Alipiga kutoa amri.

Alikuwa na nyumba Mabawa, mtaa wa huko Tanga. Aliijenga kwa jasho lake, tangu enzi alipokuwa anakata mkonge kwenye mashamba ya watu. Mkewe, Beatrisi, alifia humo. Sasa waliishi watoto wake wawili. Mkubwa ni Bryson, pamoja na mkewe Ruthi na watoto wao. Mdogo ni Brightness, fundi cherehani, hajaolewa.

"Bryson, geti lifungwe jua likizama."

"Baba, mimi natoka kazini usiku. Nitaingilia wapi?"

"Nimeshasema."

Mara akamkataza Brightness kushonea barazani, eti wateja wanaleta kelele. Mara akampeleka mpwa wake, Mathew, akae chumba cha mbele awe macho yake. Chumbani humo walikuwa wanalala watoto wa Bryson. Watoto wakahamishiwa sebuleni, wakalala chini. Hakuulizwa mtu.

Brightness alipanda gari hadi Muheza. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba, hatukupingi. Tunaomba tu, ukitaka kuamua jambo la nyumba, utuulize kwanza. Sisi ndio tunaoishi mle."

"Nyumba ya nani?"

"Yako, baba."

"Basi umejijibu."

Brightness aliondoka bila kugusa chakula.

Haikupita wiki, Bryson akatoa mizigo ya Mathew nje na kubadilisha kitasa. Habari zilipomfikia Mzee Zebedayo, alikasirika sana. Akampigia Mathew simu.

"Ile koki ya maji iko nje ya ukuta. Ifunge, utie kufuli. Kiu itawafundisha adabu."

Mathew akafanya kama alivyoagizwa. Siku zikapita. Mzee alingoja simu ya kuombwa msamaha. Simu haikulia.

Mwisho akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Narmin. Mama huyu alikuwa amestaafu ualimu wa historia. Zamani alimfundisha Brightness, na Mzee alitaka amwite amkanye. Alimkuta nyuma ya duka la mumewe, akiwafundisha vijana wanaorudia mtihani. Mzee akaketi kwenye benchi, akangoja.

"Leo tunaangalia kwa nini makoloni ya Amerika yaliasi utawala wa Waingereza," Mwalimu Narmin alikuwa anasema. "Mfalme alikaa ng'ambo ya bahari, Uingereza. Watu wake walihamia Amerika, wakaanzisha makoloni kumi na matatu. Kwa miaka mingi walijiamulia mambo yao mengi kwenye mabaraza yao. Vikaja vita vikubwa na Wafaransa. Uingereza ikashinda, lakini vita viliiachia madeni mazito. Bunge la London likasema, makoloni nayo yachangie. Likaweka kodi kwenye sukari, kwenye karatasi, baadaye kwenye chai."

Mzee Zebedayo hakuweza kunyamaza.

"Samahani, Mwalimu. Si mfalme ndiye aliyewalinda na Wafaransa? Kuna ubaya gani wakichangia?"

Vijana waligeuka, wakacheka. Mwalimu Narmin hakucheka.

"Umeuliza vizuri, Mzee. Waingereza wengi walisema hivyo hivyo. Kodi yenyewe haikuwa kubwa kuliko ya watu wa London. Lakini katika Bunge lile, watu wa Amerika hawakuwa na mwakilishi hata mmoja. Walisema hivi: asiyetusikiliza hana haki ya kututoza."

"Wangeomba kwa adabu."

"Waliomba. Waliandika maombi mara nyingi. Baadhi ya kodi zilifutwa, lakini Bunge likashikilia kwamba lina haki ya kuwaamulia lolote. Wakaletewa askari wa kukaa kati yao. Kule mji wa Boston, askari wakawapiga watu risasi, wengine wakafa. Kisha wenyeji wa Boston wakamwaga shehena ya chai ile ya kodi baharini."

"Huo ni uharibifu!" alisema Mzee. "Hapo mimi ningewaadhibu."

"Ndivyo ilivyofanyika. Bandari ya Boston ilifungwa mpaka chai ilipwe. Mamlaka ya baraza lao yakapunguzwa. Unadhani ikawaje?"

"Wakanyenyekea."

"Hapana, Mzee. Makoloni mengine yakaona, leo Boston, kesho sisi. Yakawapelekea chakula, yakakutana, yakaungana. Yakamwandikia mfalme kwa mara ya mwisho. Mfalme hakutaka hata kupokea barua. Mwaka 1776 wakatangaza kwamba si watu wake tena. Vita vikaendelea miaka, wakafa maelfu ya watu."

Binti mmoja, Kijakazi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na watumwa wao?"

Mwalimu Narmin akamgeukia. "Wengi walibaki watumwa. Na wenyeji wa asili wakazidi kunyang'anywa ardhi. Waliodai kusikilizwa, nao hawakuwasikiliza waliokuwa chini yao. Hilo nalo liandikeni."

Darasa likatawanyika. Mzee Zebedayo alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa.

"Ulikuwa na shida gani, Mzee?"

"Nilikuja umkanye Brightness. Nimewafungia maji, Mwalimu. Nikafikiri watanyenyekea."

"Wamepiga simu?"

"Hapana."

"Basi nenda wewe. Usiende na amri. Nenda na masikio."

Siku hiyo hiyo alifika Mabawa. Alichukua ufunguo kwa Mathew, akafungua mwenyewe ile kufuli. Geti lilikuwa wazi. Sebuleni hapakuwa na kitu. Brightness alikuwa peke yake, anafunga nguo zake kwenye shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wamehamia mtaa wa Usagara, chumba cha kupanga. Tulikuwa tunachota maji kisimani. Mtoto mdogo wa kaka akaharisha sana. Tulimlaza hospitali, akatundikiwa dripu. Kaka akasema hapa harudi."

Mzee akakaa sakafuni.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Lakini tulikaribia kumzika."

Mzee aliomba Bryson aitwe. Hakumwita kwa simu yake, kwa kuwa alijua haitapokelewa. Bryson alikuja na Ruthi kiza kinaingia. Aliamkia, kisha akabaki amesimama mlangoni.

"Mwanangu, sikuja kusema," alisema baba. "Semeni nyinyi."

Walisema. Ruthi, ambaye miaka yote hakuwahi kutoa neno mbele ya mkwe wake, alisema kuliko wote. Alieleza uzito wa ndoo, na macho ya mtoto yalivyozama. Mzee alisikiliza. Mara mbili alifungua mdomo kujitetea, mara mbili akaufumba.

Wakapatana. Kuanzia siku hiyo, jambo la nyumba ile litaamuliwa katika kikao, na kila mkazi mtu mzima atakuwa na sauti. Mathew hatarudi. Brightness atabaki, na atashonea barazani.

"Na wewe, Bryson? Utarudi?"

"Nitakuwa nakuja kukusalimia, baba. Watoto nitakuletea. Lakini kurudi, hapana."

Mzee Zebedayo aliitikia kwa kichwa. Gari za Muheza zilikuwa zimeshaondoka. Aliwatazama watoto wake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Naweza kulala hapa leo?"

Brightness na Bryson wakatazamana. Baba yao akatulia pale sakafuni, akisubiri jibu lao.