Machozi ya Mara ya Sita

"Funga macho," Kinanda alisema. "Ukiniangalia utausikiliza uso wangu badala ya kuisikiliza maiki."

Mshonaji akafunga macho. Hedifoni zilimbana masikio, na ndani yake chumba kizima kilikuwa kimekuzwa: saa ya ukutani, kiti cha Shangazi kilicholalamika kila alipojisogeza, na kwa mbali yule jirani mchomelea vyuma asiyejua Jumamosi wala Jumapili. Juu ya meza ya kukatia nguo zilisimama maikrofoni tatu walizoazimwa dukani asubuhi ile, ili mbili zirudi na moja ibaki. Ya kwanza ilikuwa nyeti, ikisikia hata mtu akijikuna kichwa. Ya pili ilikuwa nzito kama mchi, wala haikujali ila mdomo ulio karibu nayo. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta.

Mwenye duka, mama mtu mzima aliyening'iniza miwani kifuani, alikuwa amewausia kwamba maikrofoni hainunuliwi kwa macho wala kwa sifa za watu. Iwekwe shubiri moja kutoka mdomoni, yasemwe maneno yaleyale, kwa sauti ileile, mbele ya kila moja. Kisha yule atakayekuwa akisikiliza ndiye achague.

Zilibaki siku tisa wafunge ndoa. Chumba hicho kingekuwa nusu cha cherehani za Mshonaji na nusu cha sauti ya mumewe, kwa maana Kinanda alikula kwa koo lake: alisoma matangazo ya sabuni, alisimulia vitabu vya kusikiliza, na jina lenyewe la Kinanda alipewa na waliomlipa. Alikuwa amechoka kugombea zamu katika studio za watu. Mshonaji alikwisha kumshonea mapazia mazito yenye bitana ya blanketi ili yaumeze mwangwi, na soksi kuukuu ya nailoni alikuwa ameitanda kwenye fremu ya kutarizia, ikae mbele ya mdomo kuzuia vishindo vya pumzi.

Hapo kwanza alikuwa amejaribu kusoma yeye, maandishi ya kwenye katoni ya nyuzi. Kinanda alicheka, akamwambia kwamba katoni haina uhai, na kwamba maikrofoni hupimwa kwa maneno yenye mabonde na milima. Akamwondoa kitini kwa upole, akaketi yeye.

Sasa sauti ikaingia masikioni, ya chini, ya moto, kana kwamba msemaji amelaza kichwa begani pake.

"Mpenzi wangu, nimekukosea. Sikuja kukushika mkono siku ya kumzika mzee, na hakuna udhuru duniani utakaoifunika aibu hiyo."

Mshonaji alishtuka, kisha akaona haya, kwa kuwa Shangazi alikuwepo, ameketi karibu na dirisha akitia vifungo kwenye gauni la harusi. Maneno hayo aliyajua kama ajuavyo kipimo cha kiuno chake. Miezi mitatu iliyopita, siku ya maziko ya baba yake, Kinanda alipiga simu kusema kwamba gari limemharibikia njiani. Jioni yake picha zikaonekana mtandaoni: Kinanda amesimama mbele ya keki ya mwanamke aliyekuwa naye zamani, kipaza sauti mkononi, akiwachekesha wageni. Mshonaji alimrudishia pete ndani ya bahasha. Wiki mbili baadaye ikaja kwenye simu sauti ya dakika nne, nayo ndiyo hii.

"Siku tatu kabla hajatutoka nilikwenda kumwona hospitali," sauti iliendelea. "Alinishika mkono. Akaniita... mwanangu."

Hapo ikavunjika. Zikafuata pumzi tatu fupi za mtu anayezuia kilio asikiweze, kisha kimya, kisha, kwa sauti ya mtoto: "Akaniita mwanangu, nami nikamlipa hivi."

Neno hilo ndilo lililomrudisha, na pete ikarudi kidoleni. Baba yake alikuwa seremala, naye maneno aliyatumia kama misumari: hakupiga asipohitaji. Tangu uchumba ulipoanza hakuwahi kumtaja Kinanda ila kwa kusema "yule msemaji". Kusikia kwamba mzee, akiwa kitandani, alikuwa amelegeza moyo, kulimtoa Mshonaji machozi ambayo hata msiba haukuwa umeyatoa yote. Shangazi naye alilia akalowesha kanga. Yeye ndiye aliyemuuguza marehemu kaka yake. Akajilaumu kwamba huenda neno hilo lilitoka mchana mmoja alipokuwa amekwenda kuoga. Akalibeba kwa ndugu nyumba kwa nyumba, akiwaambia kwamba marehemu ametoa radhi. Kwa radhi hizo ndipo ndugu walipokubali.

"Haya, ya pili," Kinanda alisema kwa sauti kavu kabisa, akasogeza ile nzito.

Akaanza upya. Mpenzi wangu, nimekukosea. Mshonaji hakufungua macho. Alingoja, na ilipofika "akaniita", sauti ikavunjika palepale. Pumzi tatu. Kimya. Sauti ya mtoto.

"Na ya tatu."

Safari hii alihesabu, kama ahesabuvyo mishono. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya cha kufumba na kufumbua mara mbili. Kisha ule mlio mdogo wa mate ulimi unapobanduka kwenye kaakaa kabla ya kusema "mwanangu". Katika zote tatu ulikuwepo. Kumbe ulikuwepo tangu siku ile ya kwanza, naye aliusikiliza simu ikiwa imelala juu ya mto wa kitandani, akidhani kwamba ni kilio. Alizivua hedifoni, akajikuta anazifuta kwa pindo la nguo, kana kwamba mate yale yalimwingia masikioni.

Kinanda alikuwa akimtazama kwa hamu ya fundi.

"Umeonaje? Mimi naona ya kwanza inanasa kilio vizuri sana, ila inanasa na huyo mchomelea vyuma wetu. Ya pili imemfuta jirani, lakini pumzi ya tatu imezama kidogo."

"Kwa nini umechagua maneno hayo?"

"Kwa sababu yana kila kitu. Yana sauti ya chini, yana mnong'ono, yana pale pa kuvunjika. Maiki ikipita pale, imefaulu." Akatabasamu. "Na nilijua utafurahi. Si ndiyo yaliyoturudisha?"

"Umeyajuaje kwa moyo namna hiyo?"

"Ah, nitayasahauje? Niliyarudia mara saba, ndani ya kabati, nimejifunika makoti nisipate mwangwi. Ya kwanza nilikimbia mno. Ya nne nilikohoa. Ile niliyokutumia ni ya sita. Ya saba nilizidisha machozi, ikawa kama tamthilia."

Aliyasema hayo bila kuficha chochote, kama mtu anayesimulia alivyopika chakula ambacho wageni wamekisifu. Karibu na dirisha sindano ya Shangazi ilikuwa imesimama nusu ya tundu la kifungo.

Mshonaji alimuuliza polepole: "Baba alikuita mwanangu siku gani?"

Kinanda akaanza kuukunja waya.

"Si nilisema? Siku tatu kabla."

"Ilikuwa Jumanne. Jumanne baba alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni, hasemi na mtu. Hilo nimelikumbuka sasa hivi. Siku zote hizi sikutaka kulikumbuka."

"Basi huenda ilikuwa Jumatatu."

"Ulikwenda hospitali?"

Waya ulikunjwa ukakunjuliwa. Mchomelea vyuma alinyamaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chumba kikawa kimya jinsi Kinanda alivyokuwa akikitaka.

"Sikiliza, mpenzi. Kosa nililifanya kweli. Kujuta nilijuta kweli. Nilikaa siku nne sili. Lakini nikisema 'nisamehe' tu, nani angenisikiliza? Maneno yanahitaji mahali pa kuvunjika. Nilitafuta mahali, nikapata hapo."

"Kwa maiti ya baba yangu."

"Usilipeleke huko. Wewe mwenyewe mteja akija na mwili usiofaa, si unatia mkunjo hapa, unapunguza pale, apendeze? Unamdanganya nani?"

"Kitambaa nakikata kwa ruhusa ya mwenyewe," Mshonaji alisema. "Baba hukumwomba."

Kinanda aligeuka kutafuta msaada kwa Shangazi, kwa kuwa siku zote alikuwa kipenzi chake. Alimwomba amsemee, yeye aliye mama wa wote. Amweleze binti kwamba uongo unaojenga nyumba si sawa na uongo unaoibomoa. Shangazi alilikunja gauni, akaliweka pembeni, akavua miwani.

"Bwana mkubwa," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo, "sauti yako niliisikiliza nikiwa nimepiga magoti. Nilidhani namsikia mtu akilia, kumbe namsikia mtu akiwa kazini. Nimekwenda kwa ndugu zangu nikaliapia neno ambalo kaka yangu hakulisema. Mimi, na mvi hizi. Umenifanya mjumbe wa uongo wako, na nauli nimejilipia."

"Shangazi, naomba..."

"Mimi si shangazi yako. Shangazi hupatikana kwa ndoa."

Hapo Kinanda akalia. Machozi yalikuwa machozi, yalitiririka mpaka kwenye kola, na pengine yalikuwa ya kweli kuliko yote aliyowahi kuyatoa. Mshonaji alimtazama, akaona jambo lililomchukiza kuliko uongo wenyewe: alikuwa akihesabu. Pumzi moja, ya pili, ya tatu. Akajiona miaka ishirini mbele, mtoto anaumwa, baba mtu analia kando ya kitanda, naye mkewe anasubiri kusikia ulimi ukibanduka.

"Nyamaza kwanza," alimwambia. "Nitakupa nafasi moja. Niambie jambo moja la kweli kuhusu baba yangu. Liwe dogo, liwe baya, sijali. Ulikula mezani kwake miaka miwili. Liseme tu, bila kulipamba."

Kinanda alijifuta uso. Alifikiri. Angeweza kusema kwamba mzee hakumpenda. Angeweza kusema kwamba mzee alikuwa na kidole kimoja kifupi, kilichokatwa na msumeno, ambacho kila mgeni alikiona alipopewa mkono. Badala yake akanyoosha mgongo, akalainisha koo, macho yakapata ule unyevu wa kupimwa.

"Sawa," alisema, na sauti ilikwisha kushuka chini, ikawa ya moto. "Nianzie wapi?"

Mshonaji akaenda kuufungua mlango.

Hakukuwa na ugomvi. Alimkusanyia kompyuta yake na nyaya zake, akampa na ile fremu yenye soksi, kwa maana hakutaka kuishika tena. Pete aliiweka juu ya kompyuta. Maikrofoni tatu akazirudisha katika maboksi yake, akasema kwamba yeye mwenyewe atazipeleka dukani kabla hawajafunga. Kinanda alisimama kizingitini akieleza habari za wageni, za kadi zilizokwisha kusambazwa, za watu watasema nini. Shangazi alimjibu kwamba watu wakitaka la kusema, yeye atawapa, na safari hii atawapa la kweli.

Dakika kumi baadaye simu ikatetemeka juu ya meza. Ulikuwa ujumbe: "Mpenzi, tafadhali, sikiliza hii mara moja tu. Imetoka moyoni." Chini yake ilikuwepo sauti ya dakika tatu na sekunde kumi na mbili.

"Usiifungue," Shangazi alisema.

"Siifungui."

Aliitazama, akajiuliza ni ya ngapi. Kisha akaifuta, akampigia Baba Mdogo, ndugu pekee wa kiume wa marehemu aliyebaki, ambaye ndiye angemkabidhi siku ya ndoa. Jirani alikuwa ameanza tena kuchomelea, ikambidi aseme kwa sauti kubwa na kwa maneno machache.

"Baba Mdogo, harusi haipo. Yule mtu alitudanganya. Hospitali hakufika, na baba hakumwita mwanawe. Baba hakutoa radhi, na mimi nimeziondoa zangu."

Upande wa pili ulikaa kimya muda mrefu, kimya kisichopangwa, chenye kikohozi cha mzee na mlango uliofungwa na upepo.

"Nimekusikia," Baba Mdogo alisema hatimaye. "Watu nitawaambia mimi. Umekula chochote tangu asubuhi?"

Hakuwa amekula. Alipotaka kumjibu hivyo, sauti yake ikakatika vibaya, mahali pasipofaa, katikati ya neno.