Waliomlilia Rozalia

Jua lilikuwa linazama Rujewa, nami nafunga shuka jeupe la sinema kati ya miti miwili. Kazi yangu ya kila siku. Mwaka 1955 nilikuwa msemaji wa gari la sinema: picha zilikuwa za Kizungu, mimi nikizieleza kwa kipaza sauti. Wakulima wa mpunga walishaketi chini. Picha ya mbolea hawakuitaka. Walitaka ya mchawi.

Naichukia picha ile mpaka leo.

Mzungu aliipiga Nyololo, kijijini kwa mke wangu. Alitafuta mtu wa kuigiza maiti ya aliyelogwa. Kwa kujipendekeza kwangu, nikamtoa mke wangu, Rozalia. Akalazwa mkekani, wanawake sita wakaambiwa walie. Wakalia kweli, maana kwao hakuna kilio cha mchezo. Mzungu akasema basi, akafungasha vyombo vyake.

Mama mkwe, Juliana, alinivuta pembeni.

"Baba, msiba hauachwi wazi. Waliolia wote wanyolewe, ndipo mtu wetu atarudi kwetu."

Niliona ni ushamba. Hata hivyo wale sita walinyolewa, mambo yakatulia.

Kisha picha ikaanza kutembezwa. Mafinga waliiangalia huku wameshikana mikono, wanawake wakaangua kilio, halafu wakaomba irudiwe. Jioni ileile, nyumbani, Rozalia alitapika udongo. Mweusi, mbichi... Tulipoionyesha Makambako akatapika tena, safari hii hakuweza kuinuka.

"Nani wanamlilia mwanangu?" Juliana alininong'oneza nilipokwenda kumwona mgonjwa.

Nilijua. Sikumwambia.

Sasa, jioni hii ya Rujewa, nilimfuata Muharami, mwendesha mashine, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la picha.

"Muharami, ndugu yangu, ya mchawi usiiweke."

"Imeagizwa, Filemoni. Na watu ndiyo wanayoitaka."

Mashine ikaanza kunguruma. Rozalia akatokea kwenye shuka, amelala mkekani. Nikashika kipaza sauti, nikawaambia ukweli wote. Kwamba huyo ni mke wangu. Kwamba yu hai, anaumwa, na kila anayemlilia anamuua. Niliwasihi wanyamaze.

Wakanyamaza.

Kisha mama mmoja mbele akaanza, kwa sauti nyembamba. Wa pili akamfuata. Mara Rujewa nzima ikawa inalia, na machoni mwao niliona raha. Walikuwa wanaufurahia woga wao, mbwa wale. Maneno yangu yaliwapa kionjo kitamu kuliko picha yenyewe.

Nikageukia shuka. Udongo ulikuwa unamwagika usoni kwa Rozalia, konzi kwa konzi.

Siku ya kupiga picha hatukumwaga udongo. Nilikuwepo.

Akafumbua macho. Akanitazama mimi, hakumtazama mwingine. Harufu ya kaburi bichi ikajaa uwanjani... Nikaivamia mashine, wanaume wanne wakaniangusha chini.

"Umewapata kweli," Muharami alininong'oneza sikioni, ameridhika. "Hata kesho useme vivyo hivyo."

Nilidandia lori la mpunga, nikafika Nyololo kesho yake alasiri. Juliana alikuwa mlangoni na wale wanawake sita. Vichwa vyao vilikuwa vimenyolewa upya, mikono ina udongo. Walikuwa wametoka kuzika.

Juliana alikuwa ameshika wembe.

"Keti, baba," alisema taratibu. "Bado hajatulia. Tunamsikia huko chini anahangaika. Amekufa akiitaja Rujewa. Waliolia huko walikuwa wangapi?"

Nikaketi. Jioni ile gari la sinema lilikuwa limeshafika Mbeya, na picha ya mchawi ndani yake.